Kukiamkia Kioo cha Jicho

Kabla sijakata kioo cha jicho cha mtu, huwa nakiamkia. Nasema shikamoo kwa sauti ya chini, halafu ndipo nashika vifaa. Jambo hili halimo katika mafunzo niliyopewa, wala sijamshauri muuguzi mwenzangu yeyote alifanye. Lakini mimi nimelelewa na bibi ambaye angetoka kaburini kuja kunikemea kama angesikia nimemgusa mtu bila ya kumwamkia, na bibi huyo namwogopa mpaka leo.

Nafanya kazi katika chumba cha upasuaji wa macho hapa Unguja. Watu wakisikia tunapandikiza, hudhani tunang'oa jicho zima kwa mmoja na kulichomeka kwa mwengine kama betri ya tochi. Nimechoka kueleza, lakini naeleza. Jicho lina kioo chake cha mbele, kile cha kuangazia, ambacho madaktari hukiita konea. Chukua saa ya mkononi. Inaweza kuwa nzima, mishale inakwenda, lakini kioo chake kikipauka hutajua ni saa ngapi. Sisi tunabadilisha kioo tu. Saa hubaki ile ile ya mwenyewe.

Vioo hivyo hutoka kwa watu waliokufa, mbali sana na kwetu, ambao wenyewe au jamaa zao walitoa ruhusa. Hutufikia ndani ya boksi la barafu, kila kimoja kikielea katika kichupa chenye dawa ya rangi ya pinki. Tunaambiwa umri wa marehemu, na kwamba damu yake imepimwa na haina maradhi. Jina hatuambiwi.

Bibi yangu angeliona hilo la jina ni utovu wa adabu, na kwake adabu ilitangulia hata chakula. Tulikuwa tunakaa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro chenye baraza kila upande na kila baraza ina watu wake. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa muuza mkate niliamkia mpaka koo likanikauka, na nikimruka mmoja, habari ilifika nyumbani kabla yangu. Asubuhi moja mzee jirani yetu alikuwa amelala barazani, mdomo wazi, nikampita kimya kimya. Bibi alikuwa dirishani. Akaniita.

"Naam, bibi."

"Yule mzee umemwamkia?"

"Kalala, bibi."

"Aliyelala ndiye hasa wa kumwamkia. Aliye macho akikosa shikamoo yake ataidai. Huyo atakudai na nini?"

Nikarudi, nikasimama mbele ya mzee anayekoroma, nikasema shikamoo huku nikiona haya. Akaitika "marahaba" bila ya kufumbua macho, akaendelea kukoroma. Nilicheka mpaka kwa muuza mkate, na nikirudi nilimwamkia tena kwa makusudi nione kama ataitika. Aliitika.

Miaka mingi baadaye daktari wetu wa macho, mtu wa bara anayevuka kuja kwetu kila vioo vinapopatikana, aliamua kunifundisha kuviandaa ili yeye ashughulike na mgonjwa. Kioo hulazwa chali kwenye kibakuli kidogo, upande wa ndani ukitazama juu. Upande huo una chembe hai ambazo zikishakufa hazioti tena, na ndizo zinazokifanya kioo kibaki angavu. Kwa hiyo hauguswi na kitu, si kibano, si pamba, wala si kidole cha mtu mwenye papara. Halafu kisu cha duara, ambacho sisi tunakiita panchi, huteremshwa juu yake na kubonyezwa mara moja. Hakuna kubonyeza mara ya pili. Ukikata upande, umewadhulumu watu wawili, aliyetoa na anayengoja.

Siku ya kwanza nilipokiona kimelala pale, chali, kimya, kidogo kama kifungo cha shati, nikamkumbuka mzee wa barazani. Shikamoo ikanitoka yenyewe. Daktari akauliza nimesema nini. Nikamwambia nasoma dua, na haukuwa uongo mkubwa.

Basi nikaendelea hivyo, na hakuna aliyejua, mpaka alipokuja Bi mmoja wa kijiji cha Jambiani akanifichua.

Alikuwa mkulima wa mwani, mtu mzima mwenye wajukuu, mrefu, mwenye kauli. Jicho lake moja lilikufa kwa surua alipokuwa mtoto. La pili lilimtumikia maisha yake yote mpaka siku moja mwanini lilipochomwa na ncha ya kijiti, likafanya kidonda. Kidonda kilipona lakini kikaacha kovu jeupe katikati ya kioo, na nyuma ya kovu lile dunia ikawa ukungu mtupu. Alikuja kliniki mdogo wake akitangulia na yeye akifuata nyuma, ameshika pindo la kanga ya mwenziwe.

Daktari alimuuliza anataka nini hasa.

"Nnataka kwenda mwanini peke yangu," alisema. "Nifunge mwani wangu kwa mkono wangu, nirudi. Huyu ndugu yangu nampenda, lakini anasema tangu alfajiri mpaka magharibi, nami siwezi kuliachia pindo nikamkimbia."

Mdogo wake alicheka kuliko sisi sote. Kisha akauliza alilokuwa amekuja nalo moyoni: hicho kioo ni cha Mzungu? Na kama ni cha Mzungu, dada yake atakuwa na jicho la buluu? Nikamwambia kioo hakina rangi, rangi iko nyuma yake na hiyo hatuigusi. Akauliza kama kitafahamu Kiswahili.

"Nyamaza wewe," Bi akamwambia. "Jicho halisemi. Na lingekuwa linasema, kwako lisingepata nafasi."

Upande wa dini alikuwa ameshamaliza zamani. Alimuuliza shehe wa kwao, akamwambia hakuna ubaya. Daktari naye hakumficha kitu. Lile ndilo jicho pekee alilobaki nalo. Kioo kikikubali ataona, na kisipokubali huenda hata huo mwanga mdogo alionao ukapungua. Bi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukungu nshauzoea," alisema. "Nijaribieni hilo jengine."

Nilimpenda tangu siku ile. Nilitaka aone kama ambavyo ningetaka bibi yangu aone, na wakati wote tuliokuwa tunangoja kioo nilikuwa nikipita mbele ya friji yetu tupu nikiitazama kwa hasira.

Siku ilipofika kilikuja kioo kimoja tu. Nilikitoa kwenye baridi mapema ili kipate joto la chumba, nikakiinua kwenye taa. Kilikuwa angavu, hakina doa wala mkunjo. Bi alikuwa ameshalazwa mezani, amepigwa sindano ya ganzi, amefunikwa kitambaa cha kijani mwili mzima na kichwa, limeachwa jicho tu. Mgonjwa wa namna hiyo haoni wala haumwi, lakini yuko macho na anasikia kila kitu. Hilo nalijua vizuri, na siku zote lilinipita salama kwa sababu ya kiyoyozi chetu. Kilikuwa kinaunguruma kiasi ambacho shikamoo zangu zilibaki baina yangu na mwenye kioo. Kumbe fundi alikuwa ameshakuja kukitengeneza, na kilikuwa kimya kabisa.

Nikakilaza kioo kwenye kibakuli, hatua moja kutoka kichwani kwa Bi. Nikaiweka panchi sawasawa juu yake, nikaitazama mara mbili kama imekaa katikati.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Nasema kweli, kwa muda wa pumzi moja niliamini kwamba kioo ndicho kilichoitika. Mkono wangu ulikuwa haujabonyeza. Niliunyanyua taratibu, nikairudisha panchi kwenye sinia.

"Umechelewa kuniamkia leo," sauti ikaendelea chini ya kitambaa, "lakini si kitu, mna kazi nyingi."

Mabega ya daktari yakaanza kutikisika. Mimi nilishindwa kabisa. Nilijibana nikashindwa, machozi yakawa yananilowesha barakoa. Daktari akanionyesha ukuta kwa kichwa.

"Sista, nenda pale ucheke umalize. Hapa hakikatwi kitu na mtu anayecheka."

Nikaenda, nikasimama kama mtoto aliyeadhibiwa, nikacheka nikamaliza. Niliporudi Bi alikuwa anauliza tunacheka nini, na mimi sikuweza kumdanganya mtu ambaye kioo chake kiko mikononi mwangu.

"Bi, shikamoo ile haikuwa yako. Nilikuwa namwamkia mwenye hiki kioo."

"Nami nimeitika," alisema.

"Umeitika, Bi."

"Shikamoo ya marehemu."

"Haikudhuru kitu."

"Ngojeni kwanza. Msikate."

Daktari akasogea. "Mama, kuna tatizo?"

"Lipo, baba. Nimechukua cha mtu kabla sijapewa."

Huenda asiyelelewa huku akaona ni mzaha. Kwetu, kuitikia shikamoo ya mwengine ni kama kutia mkono kwenye sahani isiyokuwa yako, unaona haya mbele ya wenye chakula. Watu hucheka yakapita. Lakini Bi alikuwa amelala pale akikaribia kupokea kitu kikubwa kutoka kwa mtu asiyemjua, na tayari alikuwa amemtangulia kumnyang'anya kidogo. Nilimwelewa kabisa, na ndiyo maana niliogopa.

Kioo kilikuwa hakijakatwa. Kikiwa hivyo, na mgonjwa akikataa, kinaweza kurudishwa kwenye dawa yake akapewa mwengine, na wanaongoja hawakosekani. Kikishakatwa kwa kipimo chake, ni chake au cha kutupwa. Daktari aliniambia hivyo kwa macho tu, akatazama saa ya ukutani. Nami nikaliona lile pindo la kanga. Niliona Bi akirudi Jambiani akiwa amelishika, maisha yake yote yaliyobaki, kwa sababu ya mdomo wangu. Sikuwa na hamu tena ya kucheka.

"Ana umri gani huyo?" Bi akauliza.

Nikamtazama daktari, akaniruhusu. "Kijana, Bi. Hakufika thelathini."

"Kijana wa hivyo, na wewe mtu mzima unamwamkia?"

"Katangulia, Bi. Aliyetangulia ni mkubwa."

"Katangulia kufa. Kuzaliwa nimetangulia mimi. Huyo ni mjukuu wangu, yeye ndiye aniamkie."

"Hawezi, Bi."

"Najua hawezi," alisema, na sauti yake ikashuka. Tulisikia akivuta pumzi chini ya kile kitambaa. "Mama yake yu hai?"

"Hatuambiwi."

"Mtoto wa umri huo mama yake yu hai," alisema. "Yuko huko alipo. Kazaa, kanyonyesha, kalea, kisha kazika. Shikamoo ni yake huyo. Wewe mwanangu unaamkia mtoto, mzazi unampita."

Bibi yangu angekuwepo pale, na yeye angenikemea vilevile.

Bi akasafisha koo. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeamkia kutoka uani kwenda ua wa pili, "Shikamoo, mama'ake."

Tukangoja. Daktari, ambaye hapendi kungoja, alisimama ameikunja mikono yake yenye glavu kifuani. Hakuna aliyeitika, kwa sababu haikuwa yetu.

"Haya," Bi akasema. "Kateni."

Nikairudisha panchi mahali pake, nikatazama, nikatazama tena, nikabonyeza mara moja. Kikatoka kiduara kizima, kingo zake safi pande zote. Nikakidondoshea dawa kidogo, nikakifunika kisipate hewa, na hapo ndipo daktari akageukia jicho la Bi, akaliondoa kovu kwa duara dogo zaidi, akaniomba kioo. Nilikipitisha kwa kijiko chake kidogo, nikiwa nimeizuia pumzi. Alikishona kwa uzi ambao bila ya hadubini usingeuona. Katikati ya kushona Bi alilala, akakoroma kidogo, nami nikamkumbuka mzee wangu wa barazani.

Asubuhi ya pili tukamfungua. Mimi ndiye niliyeondoa pamba. Daktari akamwambia asitegemee makubwa, kwamba siku za mwanzo huwa ni kiza-kiza, kuona kunakuja polepole. Bi akafumbua. Akalitembeza jicho lake chumbani kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Likapita kwangu, likapita kwa daktari, likatua kwa mdogo wake aliyekuwa amesimama mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, bila ya neno.

"Kumbe umenenepa," Bi akasema.

Mdogo wake akaanza kulia na kumtukana kwa pamoja. Mimi nilikwenda kusimama ukutani tena, na safari hii haikuwa kwa kucheka.

Lakini kioo kushonwa si kioo kukubaliwa. Mwili unaweza kukikataa hata baada ya miezi, na mkulima wa mwani tulimkataza kitu anachokipenda kuliko vyote: asitie mguu baharini, asipigwe na maji ya chumvi usoni, atie matone ya dawa kila siku bila ya kuruka. Kila alipokuja kliniki alinilalamikia kwamba tumempa jicho la kuitazama bahari na tukamnyima bahari yenyewe. Mara moja jicho lilikuwa jekundu. Mdogo wake alinipigia simu, na nilijua ni jambo zito kwa sababu alisema sentensi moja tu. Tuliongeza dawa, sikulala vizuri, na wekundu ukaondoka. Mwisho daktari akamwambia sasa anaweza kurudi mwanini, avae miwani, na matone aendelee nayo.

Wakanialika. Nilikwenda Jambiani wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na wanawake wanapata nafasi ya kufika kwenye vigingi vyao vya mwani. Nilifika asubuhi. Mdogo wake alikuwa uani akiosha tenga na kumweleza jirani habari ambayo jirani alikuwa ameshaichoka. Akanionyesha mlango kwa kidevu bila ya kuikatiza habari yake.

Nikapiga hodi, nikaingia.

"Shikamoo," nikasikia.

Nilisimama palepale. Mtu mzima kama yule kuniamkia mimi ni kunitia dhambini, na nikafungua mdomo nimwambie hivyo. Kisha nikamwona. Alikuwa amenipa mgongo, amesimama mbele ya kioo kidogo cha ukutani, kichupa cha matone mkononi, uso ameusogeza karibu kabisa. Alikuwa ameniona nyuma yake humo kiooni.

"Si yako hiyo," alisema bila ya kugeuka. "Usiitikie."

Nikafunga mdomo.

"Mama'ake hajaitika bado, Bi?" nikamuuliza baadaye, alipokwisha kujitia tone lake.

"Bado. Yuko mbali." Akapangusa shavu kwa upindo wa kanga, akakifunika kichupa. "Nami sina haraka. Shikamoo isiyoitikiwa si hurudiwa? Basi kila nkitia dawa nairudia."

Hapo ndipo nikamwamkia yangu. Aliitika, akanitazama juu mpaka chini, akasema kule kliniki nilionekana mrefu zaidi.

Akavaa miwani yake na kofia ya ukindu, akachukua kifurushi cha tai-tai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani, akatoka. Mimi nilikuwa bado natafuta viatu vyangu. Mdogo wake alipogeuka na kumkosa, aliliacha tenga, akakimbia mpaka mwisho wa ua ambapo mchanga unaanza, nami nyuma yake. Bi alikuwa ameshateremka. Alikuwa anakwenda kwa hatua ndefu kwenye matope meupe, anayakwepa mawe na vidimbwi kimoja kimoja, hakuna aliyemshika.

"Dada, ningoje!" mdogo wake akapiga ukelele.

Bi akageuka, akatutazama sote wawili kwa muda.

"Nnakuona," akasema, na wala hakungoja.